Mstari Mwekundu wa Sange

Huko Kavimvira, upande wa Uvira unaopakana na Burundi, wanawake waliokuwa wakifagia viwanja vyao asubuhi walijua kwamba Mama Eliane anaondoka pale gari lake lilipokohoa mara ya pili. Mara ya kwanza lilikohoa na kuzima. Mara ya pili lilishika, likatetemeka, kisha likatoka langoni polepole kama mtu anayekwenda kanisani na viatu vipya. Lilikuwa Toyota ndogo nyeupe ya marehemu mume wake, na kila siku ya masomo lilimpeleka Sange na kumrudisha.

Jina lake ni Pudentienne Ninahazwe. Alisomea Kifaransa mpaka chuo kikuu wakati ambapo wasichana wa uwanda wa Ruzizi waliofika huko walikuwa wachache, na hakuacha mtu asahau jambo hilo. Mavazi yake yalipigwa pasi hata siku za mvua. Hakununua kitu barabarani na kukila akitembea. Watoto wake walipokuwa wadogo, hawakuruhusiwa kusema nje ya nyumba kilichopikwa ndani, kiwe kingi au kidogo. Yote hayo aliyafanya kwa sababu moja: alikuwa mke wa Jean-Berchmans Sibomana, na sasa ni mjane wake, na jina hilo halikupaswa kuchafuka mikononi mwake.

Jean-Berchmans alikuwa mkuu wa sekondari ya Amahoro, pale Sange, kwa miaka mingi. Kengele ya shule ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwa mnyororo, na aliigonga yeye mwenyewe, hakumwachia mtu. Ikisha kulia, lango lilifungwa. Mwenye kuchelewa, awe mwanafunzi au mwalimu, alisimama nje kando ya ukuta, uso kwa barabara, mpaka somo la kwanza liishe. Wauza mihogo walipita wakamwangalia. Waendesha pikipiki walipunguza mwendo ili wamwangalie vizuri. Watu wa Sange husimulia kwamba hata padri aliyekuja siku moja kubariki madarasa mapya alisimama pale na maji yake ya baraka, na alipoingia alimshukuru mkuu wa shule kwa kumpa nafasi ya kusali.

Mkuu huyo alipofariki, wenye shule walimkabidhi Pudentienne kazi yake, lakini kama kaimu tu. Walisema inspekta, yaani mkaguzi wa shule, atakuja kumwona kazini, ndipo wataamua. Naye alikuwa amehamia Uvira, katika nyumba ambayo marehemu aliijenga Kavimvira. Hakuhama kwa kupenda mji. Nyumba ya marehemu ikikaa bila watu wake, haichelewi kupata watu wengine, na alitaka Eliane na wadogo zake waikute bado ni yao.

Jambo hilo halikumpendeza Bertrand, mdogo wa marehemu, mfanyabiashara wa saruji na mabati mwenye jeep nzuri na sauti nzito. Siku ya kumaliza matanga, mbele ya familia nzima, alimshauri aombe darasa dogo Uvira na kumwachia mwingine uongozi wa shule. Alisema walimu wanaokaa Uvira na kufundisha Sange wana wimbo mmoja tu, kwamba barabara imekatika.

"Mama Eliane," alimaliza, "siku utakaposimama nje ya lango la kaka yangu, hautasimama peke yako. Utakuwa umetusimamisha sisi wote."

"Shemeki," alijibu Pudentienne, "basi sitasimama."

Hilo lilisemwa mbele ya watu, na likabaki.

Ni binti yake Eliane, aliyekuwa akisoma Bujumbura, aliyemletea simu yenye ramani. Alimfungia kishikizo cha plastiki kando ya usukani na kumweleza kwamba rangi za barabara hutokana na simu za watu walioko njiani. Simu zikienda mbio, mstari huwa wa kijani. Zikijikokota, huwa wa machungwa. Zikisimama, huwa mwekundu. Mama aliuliza inakuwaje mahali pasipo na simu. Eliane alisema kwamba hapo mstari unabaki mweupe tu, ramani inanyamaza.

Pudentienne aliisoma ramani ile kama alivyosoma kila kitu, akiwa ameketi sawasawa na miwani puani. Ilikuwa na vituko vyake. Karibu na mpaka ilishika mtandao wa ng'ambo na kumkaribisha Burundi kwa ujumbe, ingawa alikuwa bado mbele ya mlango wake. Mara moja ilimwelekeza Sange kwa kuvuka mpaka, kupanda upande wa pili wa mto Ruzizi na kuvuka tena. Félicien, mwalimu wa hesabu aliyepanda naye kila asubuhi kiti cha nyuma, alisema yuko tayari, ila Madame amlipie viza mbili, ya kwenda na ya kurudi kazini kwake. Mbele alikaa Sidonie, sekretari wa shule. Kazi yake njiani ilikuwa kusoma simu kwa sauti, kwa maana Pudentienne hakukubali kuondoa macho barabarani. Hivyo walikwenda: Sidonie akitangaza rangi, Félicien akizidhihaki, na mama akiendesha.

Zaidi ya ramani kulikuwa na kundi la WhatsApp la watu wa njia ile, waendesha pikipiki, madereva wa malori ya mchele, wauza makaa, na walimu. Kila asubuhi walitumiana sauti: Kiliba pamekauka, Runingu maji yamepanda, hapa kuna kizuizi cha askari, pale lori limelala. Kwa miezi kadhaa Pudentienne alifika kabla ya kengele, akaigonga mwenyewe kwa chuma kilekile cha mumewe, na lango likafungwa yeye akiwa ndani.

Kisha ikaja Jumatatu ile.

Mvua ilikuwa imenyesha milimani usiku kucha, na kwenye daraja la Kavimvira magari yalipita moja moja. Walipofika karibu na Sange saa ilikuwa imekwenda, lakini bado walikuwa na nafasi. Hapo Sidonie akatangaza kwamba Sange ni nyekundu. Ilikuwa nyekundu kutoka soko mpaka ofisi ya serikali, mstari mnene kama kidonda. Wakati huohuo dereva mmoja aliyekuwa Runingu alituma sauti: "Nasikia mule Sange kila muntu amesimama. Pikipiki zote zimezimwa. Hakuna mwenye anapita."

Katika uwanda ule, watu wote wakisimama pamoja, hakuna anayefikiria jambo jema. Félicien aliacha dhihaka zake. Pudentienne alikuwa na watu wawili wasio wa kwake ndani ya gari, nao walikuwa na watoto nyumbani. Kulia kwao kulikuwa na njia inayokata mashamba ya mpunga na kutokea nyuma ya shule. Ramani iliichora waziwazi, nyeupe tupu, bila doa. Akakata kona.

Walikwenda vizuri mpaka walipoyaacha mabanda ya wakulima nyuma yao. Kisha njia ikaingia majini. Si maji ya mvua. Yalikuwa maji safi, yametulia, yamefunguliwa kutoka mferejini kwenda mashambani. Gari liliingia, likakohoa mara moja, na mara ya pili halikushika.

Wakulima waliinua migongo yao, wakaja bila haraka. Mzee mmoja aliyevaa koti la suti juu ya kaptura alisalimia kwa Kirundi, akalizunguka gari lote kama anayetaka kulinunua, ndipo akasema, "Madame, leo hapa ni zamu ya maji. Zamu ya magari bado hatujaipanga."

Mpunga wa pale hunyweshwa kwa zamu. Kila sehemu ina siku yake, na siku hiyo wenye sehemu huzuia maji juu ya njia ili yaingie mashambani, kwa kuwa kila mtu anajua na hakuna anayepita. Kila mtu anajua, isipokuwa simu. Walisukuma, walivuta kwa kamba, walicheka. Pudentienne alishuka akasukuma pamoja nao, na kitenge chake kilichopigwa pasi kikanywa maji mpaka kiunoni.

Walipofika shuleni mlinzi alikuwa amekwisha kugonga kengele na kufunga lango. Kagabo, mlinzi wa siku nyingi, aliwaona kupitia tundu, akamwona ni nani, na mkono wake ukaenda kwenye komeo.

"Acha, Kagabo," alisema Pudentienne.

"Madame, lakini ni weye."

"Ndiyo maana. Acha."

Akaenda kusimama kando ya ukuta, uso kwa barabara. Sidonie na Félicien wakasimama karibu naye. Wauza mihogo walipita. Waendesha pikipiki walipunguza mwendo. Mjane wa Jean-Berchmans alisimama na tope magotini, kichwa hakikuinama, na kila aliyemsalimia alimjibu salamu yake kwa ukamilifu.

Mmoja wa waendesha pikipiki, aliyeitwa Nkeshimana, alikuwa wa kundi lao. Alisimama kuwapa pole. Pudentienne alimuuliza kilichotokea Sange asubuhi, kama kuna mtu aliyeumia. Nkeshimana hakuelewa swali. Alisema hakuna kilichotokea. Kisha akasema, "Labda ni bendera, Madame. Ilipanda kwa ofisi, tukasimama. Ikamaliza, tukaenda."

Félicien alifunga macho.

Bendera inapopandishwa kwenye ofisi ya serikali, filimbi hulia na kila kitu barabarani husimama. Pikipiki huzimwa, mizigo hushushwa kichwani, mikono hunyooshwa. Ofisi ya Sange iko barabarani kabisa, nayo hupandisha bendera mapema kidogo kuliko shule. Pudentienne alijua desturi hiyo tangu utoto, lakini kwa miaka yote ya kazi yake, wakati huo ulimkuta ndani ya shule, akikagua madarasa yaliyofagiliwa. Hakuwahi hata siku moja kuwa barabarani saa ile. Hakuwahi kujua jinsi heshima ya bendera inavyoonekana ndani ya simu. Inaonekana kama hatari.

Habari ilifika Uvira kabla yake. Jioni Bertrand alikuja, akaketi bila kuvua kofia, akakataa chai. Alisema alikwisha kusikia kwa watu watatu, na wa tatu alikuwa mteja wake. Kisha akampa habari nyingine: inspekta angekuja Sange wiki iliyofuata. Mwenyewe alikuwa akifahamiana naye, Bwana Nizigiyimana, mtu wa Uvira, na alikwisha kujitolea kumpeleka kwa jeep yake. Alitaka Mama Eliane aombe kupumzika kabla ya siku hiyo, ili kitu kiishe kwa heshima.

"Nilikuambia utatusimamisha," alisema.

"Ulinitahadharisha, na ikatokea," alisema Pudentienne. "Sasa tutaona kama itatokea mara ya pili. Mlete inspekta wako, shemeki. Lango liko palepale."

Alipoondoka, yule mama hakulia. Alifua kitenge chake, akakianika, kisha akaketi na simu. Eliane, kwa simu kutoka Bujumbura, alimshauri aachane na ramani ile, haifai mahali pasipo na magari mengi. Mama alikataa. Alisema ramani haikumdanganya. Ilimwonyesha kwamba watu wamesimama, na kweli walikuwa wamesimama. Aliyekosea ni msomaji, naye amefundisha kusoma maisha yake yote.

Aliyoyafanya siku zilizofuata yaliwachekesha wengi. Alikwenda kwa wenye mashamba ya mpunga akajifunza zamu ya maji, sehemu kwa sehemu. Mzee wa koti la suti alimwambia sasa anahitaji jembe tu ili awe mwenzao. Aliwauliza wenye maduka wa Sange siku za soko na saa ambapo ng'ombe wa milimani hukatiza barabara. Na katika kundi alianza tabia iliyowaudhi watu mwanzoni. Kila mtu alipotuma habari, Pudentienne alimjibu kwa swali moja tu: "Umeona ao umesikia?"

Walimzomea. Mmoja alisema Madame anafikiri barabara ni darasa. Mwingine aliuliza kama mwenye kukosa atapewa sifuri. Hakujibu dhihaka hata moja, ila swali lake halikukosa kila asubuhi. Kidogokidogo watu walichoka kuulizwa, wakaanza kusema wenyewe: mimi niko Kiliba, nimeona kwa macho. Wenye kusema nasikia walipungua, kwa aibu. Hata habari za uongo za vita, ambazo zamani zilirudisha watu nyumbani bila sababu, zikawa zinafia pale Runingu.

Siku ya inspekta ilipofika, gari lilikohoa mara mbili kama kawaida. Daraja la Kavimvira likawachelewesha tena, maana foleni haijui siku ya mtu. Pale Kiliba jeep ya Bertrand iliwapita kwa honi ndefu. Ndani, kiti cha mbele, alikaa bwana mwembamba mwenye suti ya kijivu na mkoba magotini. Félicien alisema honi ile imewekwa makusudi ili wasilale.

Waliikuta jeep imesimama kwenye njiapanda ya mashamba ya mpunga. Sidonie alikuwa amekwisha kutangaza: Sange ni nyekundu, kutoka soko mpaka ofisi. Pudentienne alisimamisha gari kando, akashusha kioo. Bertrand pia alishusha cha kwake. Alikuwa na simu mkononi, kubwa kuliko ya shemeji yake.

"Sange pamefungwa," alisema. "Angalia. Tunapita huku, huku ni kweupe."

"Shemeki, kweupe maana yake hakuna muntu. Leo sehemu ile ni zamu ya maji."

"Gari langu haliogopi maji, Mama Eliane. Ni lako lenye kifua."

Pudentienne alimsalimu inspekta kwa heshima, akamwomba wangoje kidogo, ajue kwanza kilichoko Sange. Inspekta aliangalia saa yake, kisha akamwangalia mwenye jeep. Bertrand alisema hawezi kumchelewesha mgeni wa serikali kwa sababu ya maneno ya WhatsApp. Jeep ikakata kona, ikaenda, na tope lake likawarukia kwenye kioo.

Pudentienne alibonyeza simu akauliza kundini, kwa sauti tulivu: walioko Sange sasa hivi, mnaona nini?

Hakuna aliyejibu.

Nkeshimana alikuwa Sange saa zote za asubuhi, na siku nyingine alijibu kabla swali halijaisha. Hakujibu. Muuza makaa hakujibu. Dereva wa mchele, mtu asiyeweza kukaa kimya hata kanisani, hakujibu. Mstari ulibaki mwekundu. Sidonie alishika rozari yake mfukoni. Félicien alisema kwa sauti ndogo kwamba pengine Bwana Bertrand amesema kweli leo, na kwamba hakuna atakayewalaumu wakirudi Kiliba.

Pudentienne aliweka mikono yote miwili juu ya usukani. Alifikiria lango, na ukuta, na jina. Kisha alifikiria ukimya ule. Aliwajua watu wa kundi lake. Siku ambayo kweli kuna shida, wote husema pamoja, sauti juu ya sauti, mpaka simu inapata moto.

"Kama ingekuwa risasi," alisema, "wangekuwa wanapiga kelele. Watu wote kunyamaza kwa pamoja, simu mifukoni, hiyo naijua ni nini. Mikono yao iko chini, imenyooka."

Akawasha gari. Lilikohoa mara ya kwanza, na mara hiyo ya kwanza likashika. Félicien aliapa baadaye kwamba hajawahi kuona jambo hilo, wala hatalisahau.

Walipoingia Sange, bendera ilikuwa ndiyo kwanza imefika juu ya mlingoti wa ofisi. Watu walikuwa wakirudisha mizigo vichwani. Pikipiki ziliwaka moja baada ya nyingine, na mstari wa simu ukaanza kubadilika mikononi mwa Sidonie, machungwa kwanza, kisha kijani. Sauti ya Nkeshimana ikaingia, ikihema: "Nimeona kwa macho, Madame. Ilikuwa bendera tu. Pita."

Alipita. Aliingia langoni, akashuka, akanyoosha kitenge, akachukua chuma cha mumewe na kuigonga rimu. Kagabo akafunga lango. Wanafunzi wakajipanga, bendera ya shule ikapanda, wimbo wa taifa ukaimbwa mpaka mwisho.

Darasa la kwanza lilikuwa la kwake, imla ya Kifaransa. Hakuwa amefika mbali aliposikia hatua za Kagabo dirishani. Mlinzi alinong'ona kwamba inspekta amefika, kwa miguu, pamoja na Bwana Bertrand. Suruali zao ni tope mpaka mapajani. Je, afungue?

Darasa zima lilisikia. Kwenye mlango wa pili, Félicien naye alikuwa ametoka darasani kwake, na uso wake haukuwa na mzaha hata kidogo.

"Madame," alisema, "yule ndiye mwenye kuandika kama utabaki."

"Najua ni nani."

"Ni dakika chache tu. Hakuna atakayesema kitu."

Pudentienne aliangalia nje. Kutoka dirishani uliweza kuona kipande cha ukuta, na juu yake vichwa viwili, kimoja chenye kofia. Kofia ile aliijua. Ilimuuma kuiona pale kuliko alivyotazamia, maana jina la ukoo lililokuwa chini yake lilikuwa lilelile la marehemu, lililobaki juu ya mlango wa ofisi yake. Lakini lango hilo lilikuwa limemfungia yeye mwenyewe. Likifunguka leo kwa sababu ya suti, basi siku ile alisimama bure, na marehemu aligonga kengele bure miaka yote.

"Kagabo," alisema, "wapelekee kiti kimoja, Bwana Inspekta akitaka kuketi. Na maji ya kunawa. Lango litafunguliwa somo likiisha, kama siku zote."

Akarudi kwenye imla, akairudia sentensi tangu mwanzo, kwa sauti ileile, mpaka nukta.

Somo lilipoisha alitoka yeye mwenyewe kwenda langoni. Inspekta Nizigiyimana hakuwa ameketi. Kiti kilikuwa pale, na mkoba wake juu yake. Alikuwa amesimama uso kwa barabara kama alivyoelezwa, na wauza mihogo walikuwa wamekwisha kumwangalia wakatosheka.

"Madame le Préfet," alisema, akimwita kwa cheo cha mkuu wa sekondari, "nani aliyeweka kanuni hii?"

"Marehemu mume wangu, Bwana Inspekta."

"Na weye ulishawahi kusimama hapa?"

"Juzi juzi tu. Nafasi hiyohiyo."

Inspekta aliutazama ukuta, akatazama viatu vyake. "Nilitumwa kuangalia kama mtu anayekaa Uvira anaweza kufika Sange kwa wakati," alisema. "Wawili tumetoka Uvira leo. Nimekwisha kuangalia." Akachukua mkoba wake, akaomba aonyeshwe madarasa, na hakulizungumzia jambo hilo tena mpaka alipoandika kwamba kaimu aondolewe ukaimu, awe mkuu kamili.

Bertrand alibaki nyuma, kofia mkononi. Pudentienne hakumngoja aombe radhi. Alimwambia amekwisha kutuma ujumbe kwa mzee wa koti la suti, na wakulima wameanza kuivuta jeep. Awaletee kitu cha kunywa, na asibishane nao, wakisema gari lake lina kifua acheke tu. Kisha akamtuma Sidonie amtafutie suruali kavu.

Mchana kundi la WhatsApp lilichemka. Picha ya jeep katikati ya mpunga ilizunguka kutoka Kavimvira mpaka Kamanyola, na kila mtu alitaka kujua ni ya nani. Wengine walikuwa wamekwisha kukisia. Pudentienne aliandika kwamba sehemu ile ina zamu ya maji, kwamba njia itapitika maji yakifungwa, na kwamba mwenye gari ni mtu wa heshima aliyekuwa akimsaidia mgeni. Alipoulizwa jina, alisema jina halimsaidii mtu kuvuka maji. Walijua tabia yake, wakaacha.

Asubuhi moja baadaye, kabla gari halijakohoa, simu yake ililia kundini. Ilikuwa namba mpya, iliyoingizwa usiku uliotangulia na Félicien, bila kumwambia mtu. Sauti ilikuwa nzito, na ilijaribu kuwa nyepesi.

"Mimi ni Bertrand, naleta saruji Sange. Nasikia pale Runingu maji yamejaa barabarani."

Pudentienne alikuwa akivaa viatu. Aliviacha, akachukua simu, akaileta karibu na mdomo.

"Karibu, shemeki," alisema. "Umeona ao umesikia?"

Kundi zima lilingoja. Kisha kutoka namba ileile ikaja sauti ya mlango wa jeep ukifunguliwa, na nyayo za mtu anayetembea kwenye changarawe, anakwenda kuangalia.